Mama wa Nta

Mishumaa ikizimwa baada ya misa ya mazishi, wenzangu huinuka wakatafuta viatu na kuulizana nani anapanda gari la nani. Mimi hubaki nimekaa. Wanadhani nasali. Sisali hata kidogo. Harufu ile ya nta na utambi ulioungua hunirudisha kwenye mikono yangu ya utotoni, ilipokuwa imepakaa mafuta ya karanga hadi kwenye viwiko, na chini ya kidole gumba nausikia mgongo wa mama yangu ukipinda. Watu wakinishika bega na kuniambia "pole, Tekla," nawaitikia tu. Nitawaeleza nini mlangoni mwa kanisa?

Ninyi wa rika langu mliokulia huku kwetu milimani mtaukumbuka wakati huo. Ushirika ulikuwa umelegea, wanunuzi binafsi wamekuja na malori yao kugombea kahawa, mitumba inamwagwa chini sokoni Mbinga, na mjini kuna kibanda cha video kinachonguruma jenereta mchana kutwa. Kila kitu kilikuwa kinaingia kwa mara moja, kizuri na kibaya, na hakuna aliyekuwa anatwambia kipi ni kipi. Baba aliingia kwenye malori. Alikuwa mpimaji wa mnunuzi mmoja, anazunguka vijijini na mizani, leo Mbuji kesho Namswea, na nyumbani tulimwona Jumapili tu kama padri wa kigango. Aliporudi alikuja na sukari na biskuti, nasi tukamwona baba bora kuliko wote.

Nyumbani tulibaki wanne. Mama, bibi mzaa baba, mdogo wangu Otmari aliyekuwa bado anajifunza kusema, na mimi, darasa la tano, mdomo mrefu kuliko kimo. Mama alikuwa mtu wa ziwani, Mnyasa, ameolewa akapandishwa milimani kwenye baridi. Bibi alikuwa Mmatengo wa kuzaliwa na kuzeekea. Kinyasa bibi hakukijua, Kimatengo cha mama kilikuwa cha kuchekesha, kwa hiyo walikutana kwenye Kiswahili, na nadhani hata kugombana waligombana kwa adabu zaidi kwa sababu hiyo. Bibi hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa na neno moja ambalo hakuacha kulirudia: "Watu wa ziwani wamezoea kukaa mchangani wakingoja samaki. Jembe watalijulia wapi?"

Basi, Noeli moja Bruda Kaspari wa misheni akatuita ukumbini kutazama mkanda alioutengeneza mwenyewe. Alikuwa mtawa wa Kizungu, seremala, mtu mzima, masikio yamejaa vumbi la mbao. Alichonga Yosefu, Maria na punda, akawapiga picha kwa kamera yake ndogo ya filamu, na sasa eti wanakwenda Betlehemu. Madirisha yakazibwa kwa mablanketi, projekta ikawashwa, na jamani! Yosefu alikuwa anaruka kama panzi. Punda hakusogeza hata mguu, aliteleza tu mpaka hori. Watoto walicheka hadi katekista akainua fimbo. Mimi sikucheka, nilikasirika. Niliona kitu kizuri namna ile kimeharibiwa.

Pale mlangoni Bruda alikuwa anatushika mikono. Nikamwambia, "Shikamoo Bruda. Yosefu wako hatembei."

"Marahaba. Anafanya nini?"

"Anaruka. Na punda wako kama yuko kwenye matope."

Mama alinifinya ubavuni kisawasawa. Lakini Bruda aliinama akanitazama kwa makini, kama anayetazama ubao uliopinda. "Kweli," akasema. "Hata mimi nimeona. Njoo Jumamosi, tutafute dawa."

Jumamosi ile kwenye karakana ya misheni alinionyesha siri yenyewe. Kamera ilikuwa na kitufe cha kupiga picha moja moja. Unamsogeza mwanasesere kidogo, unabonyeza. Unamsogeza tena, unabonyeza. Zikija kukimbizwa pamoja kwenye projekta, jicho linadanganyika linaona mtu anakwenda. Ukimsogeza sana anaruka, ukimsogeza kidogo mno anakokota. Wanasesere wake wa mbao walikuwa na viungo vikavu, hawapindi. Mimi nikasema tufinyange udongo, tukafinyanga, ukakauka ukapasuka. Ndipo Bruda akakusanya vipande vya mishumaa vilivyobaki sakristia, akaviyeyusha na mafuta ya karanga na udongo wetu mwekundu uliochekechwa, tukapata donge laini lisilokauka. Ndani yake tulitia waya wa kufungia nondo, uwe mifupa.

"Sasa unataka afanye nini?" akaniuliza.

"Alime ngolo."

Nani huku kwetu angechagua kingine? Kwa msomaji wa mbali niseme tu kwamba milima yetu imesimama wima, na ukilima ovyo mvua inashusha shamba lote bondeni. Kwa hiyo wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, yakabaki miraba miraba, kisha wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuufunika udongo juu ya yale majani. Linabaki shimo katikati na matuta pembeni, na juu ya matuta tunapanda maharage. Mlima mzima unajaa mashimo. Ni kazi ya mgongo, na mgongo wenyewe ni wa mwanamke.

"Usianze kufinyanga," Bruda akasema. "Kwanza tazama mtu. Tazama mpaka uchoke kutazama."

Nikamtazama mama. Ningemtazama nani mwingine? Ulikuwa wakati wa kuandaa mashamba ya maharage, na kila nilipotoka shule nilipanda kwenye ngolo zetu, nikakaa kwenye majani yaliyolazwa, kidevu juu ya magoti, nikamkodolea macho. Bibi alikuwa anachimba mstari wa juu, mama wa chini. Nilijifunza kwamba jembe likipanda linasita kidogo pale juu, na likishuka halisiti. Nilijifunza kwamba mguu wa nyuma ndio unaobeba kazi. Na nilijifunza namna ya mama. Mama alichimba kidogo, akasimamisha jembe, akaegemea mpini kwa mikono yote miwili, paji la uso juu ya mikono. Akakaa hivyo. Mabega yakatikisika kidogo kwa kikohozi. Halafu mkono mmoja ukaenda kiunoni, akajinyoosha taratibu kwa vituo, akachimba tena.

Bibi aliposimama kupangusa jasho alimwona akaguna. "Tazama anavyotegea. Ndivyo wanavyolima hao."

Na mimi, mtoto mwenye akili zangu zote, niliyashika maneno hayo kama yalivyo. Nilidhani kuna namna mbili za kulima, ya Wamatengo ya kwenda moja kwa moja, na ya watu wa ziwani ya kuegemea jembe. Niliona hata fahari! Nilikuwa na mama mwenye namna yake, tofauti na ya mama za wenzangu, na nilikuwa nitaionyesha kwenye mkanda hadi ijulikane. Kikohozi hakikunishtua kabisa. Kwenye baridi yetu ya ukungu nani asiyekohoa?

Tulipiga picha karakanani, siku baada ya siku, mimi nasogeza, Bruda anabonyeza. Nilimfinyanga mama na kitambaa chake kichwani, na nilivyompatia, jamani, acha tu. Nilipata kule kusita kwa jembe. Nilipata mabega yanavyotikisika. Nilipata hata kidevu kinavyoning'inia anapoegemea. Bruda aliacha kusema, akawa anabonyeza tu, na mara moja aliniuliza kama mama yangu amefika zahanati. Nikamjibu kwamba mama mzima kabisa, ni Mnyasa tu.

Kumbe alikuwa anafika zahanati bila kutuambia. Asubuhi moja ya Jumamosi alipita mlangoni pa karakana akitoka huko, khanga kajifunika hadi kichwani, akasikia sauti yangu akaingia. Bruda alikuwa ametoka. Juu ya meza mwanamke wa nta alikuwa ameegemea jembe lake.

"Huyu nani?" mama akauliza.

"Wewe."

Alichuchumaa macho yakawa sawa na meza. Akamtazama muda mrefu sana. "Mbona kaegemea?"

"Si ndivyo mnavyolima ziwani?"

"Nani kakwambia?"

"Bibi."

Mama alikaa chini kabisa, kwenye vumbi la mbao. "Tekla, ziwani hatulimi ngolo. Ziwani tunapanda mihogo kwenye mchanga, kazi ya mara moja imekwisha. Ngolo nilifundishwa hapa na huyo huyo bibi yako, na nilikuwa namshinda. Muulize." Akanigusa mkono wenye mafuta. "Hii siyo namna ya kulima, mwanangu. Hii ni kuumwa."

Sijui niwaeleze vipi. Nilikuwa nimemtazama majuma mazima kuliko mtu yeyote alivyowahi kumtazama, nikajua kila kiungo chake kinavyokwenda, na sikuona kitu. Nilitaka kumbomoa yule wa nta pale pale. Mama alinizuia. Alisema mwache, ni kweli yako.

Baada ya hapo alianguka haraka. Maharage yalipandwa na bibi peke yake. Mama akawa mtu wa mkeka, nyuma ya jiko panapopiga jua, na Otmari akawa anacheza kumzunguka, anapanda juu yake, anavuta ule upindo wa khanga. Mwili wa mama ulikuwa umepungua hadi mtoto mdogo namna ile akawa mzigo. Bibi aliliacha lile neno lake, akawa anampikia uji. Ugonjwa haukutajwa jina. Tuliambiwa ni kifua, tukasema kifua, na baba aliporudi Jumapili alikaa mbali naye kidogo akitazama chini. Nilimchukia kwa kukaa mbali. Hadi leo sijamaliza.

Siku moja mama akaniuliza, "Ule mkanda wa Bruda umeisha?"

"Umebaki nusu."

"Nataka hiyo nusu."

Nilidhani homa inamsemesha. Lakini alikuwa na akili zake. Akamnyooshea kidole Otmari aliyekuwa anachimba mchwa kwa kijiti. "Wewe umeniona nimesimama. Huyu hatakumbuka. Huyu atakuwa mtu mzima na kichwani ana mama aliyelala chini tu, basi. Sitaki. Nataka aone nimechimba ngolo nzima bila kuegemea, nikamaliza, nikaondoka na miguu yangu. Fanya hivyo, Tekla. Unaweza."

Nikasema naweza. Nikaenda kwa Bruda, nikampasha moto mwanamke wa nta mikononi, nikamnyoosha mgongo. Na hapo ndipo nilipojua msiba wangu wa kwanza. Sikuweza. Nilimsogeza hivi akawa bibi. Nilimsogeza vile akawa mwanamke yeyote yule. Mama mzima nilikuwa sijawahi kumtazama! Alipokuwa mzima alikuwa tu mama, yupo, anaita, anatwanga, anapita. Nani anamtazama mama yake aliye mzima? Nilirudi nyumbani nikalia mbele yake kwa hasira, nikamwambia simkumbuki.

"Basi nitakuonyesha," akasema.

Bruda aliibeba kamera na miguu yake mitatu hadi kwetu, akaisimamisha kwenye kivuli cha baraza, maana juani kivuli kingekuwa kinakimbia kila picha. Nikaweka ubao na udongo na yule wa nta. Mama alidai jembe, nikamletea, hakuliinua. Nikaenda nyuma nikachukua bua kavu la muhindi, nikampa, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Haya, jembe limekuwa jepesi leo."

"Mpeleke kwanza Otmari kwa bibi yako shambani," akaniambia. Hakutaka mtoto aone anavyotetemeka. Nikampeleka, analia, ananing'inia kwenye gauni langu. Ningemwacha, Mungu wangu, ningemwacha tu pale mlangoni.

Aliinuka. Akashika ukuta, akaachia ukuta. "Kabla ya kuinua," akasema, "nashuka kwanza kwenye magoti. Kidogo tu. Umeona? Nguvu inatoka chini." Akabaki hivyo hivyo, magoti yamepinda, bua mkononi, mpaka nimpinde yule wa nta sawasawa. Nikasema tayari. Bruda akabonyeza. Mama akakaa chini akahema. Akainuka tena. Mikono juu ya kifua, akangoja, nikasogeza, kitufe kikalia, akakaa. Mikono juu ya kichwa. Akangoja. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye shingo iliyobaki mishipa, na bua lilikuwa linatikisika, lakini mimi nilikuwa nakaza macho kwenye mwili tu, siyo kwenye mtikisiko. Mtikisiko sikuutia.

"Bruda," nikanong'ona wakati mmoja, "tumwache apumzike."

"Mama Tekla, tutaendelea kesho," Bruda akasema.

"Kesho nitakuwa na nguvu gani ambazo leo sina?" mama akamjibu. "Bonyeza."

Tulikwenda siku kadhaa namna hiyo. Kutupa udongo juu ya majani alinionyesha kwa kiwiko, siyo kwa bega kama bibi, na hapo nikakumbuka, kweli, mama alitupa kwa kiwiko! Nilipiga kelele kwa furaha. Alinionyesha anavyotoka shimoni kwa kuweka mkono gotini. Mwisho alinionyesha kutembea. Hatua moja aliiweka, akaishikilia, akakaa. Ya pili ikachukua muda. Na katika yote haya Bruda alinieleza jambo ambalo sikulielewa kwa uzuri wake wala kwa ubaya wake, kwamba kule kukaa chini katikati hakutaonekana. Kamera haioni isipobonyezwa. Kwenye mkanda mama atachimba mfululizo.

Mkanda ukafungwa ukatumwa Ulaya kusafishwa, maana hapa kwetu haukusafishika. Baba akaja na lori la kahawa lililokuwa linateremka ziwani, akaweka godoro nyuma. Ndugu za mama walikuwa wametuma neno kwamba wanamtaka mtu wao augulie kwao. Otmari alikwenda naye kwa sababu alikataa kuachia khanga, mimi nikabaki kwa ajili ya shule. Hakuniaga kwa maneno mengi. Aliniuliza mkanda utarudi lini, nikamwambia Bruda amesema karibuni, na lori likashuka kwenye zile kona. Tulipoitwa tukamkuta ameshafungwa kwenye shuka. Walimzika mchangani, kaburi likiporomoka kingo kadiri wanavyochimba, na nililia kwa sababu ya hilo pia, kwamba mchanga haushiki. Otmari tukarudi naye.

Mkanda uliwasili masika yalipokuwa yanakatika. Bruda alituita sisi tu, mchana, akaziba madirisha ya ukumbi kwa mablanketi yale yale. Baba alikuja kwa heshima zote, kavaa koti. Otmari alikaa mapajani mwake. Bibi alikaa nyuma karibu na mlango.

Projekta ikaanza kukereza. Kwenye shuka iliyotundikwa mbele yetu akatokea mwanamke wa nta na kitambaa chake, akachimba kidogo, akasimamisha jembe, akaegemea. Paji la uso likalala juu ya mikono. Mabega yakatikisika. Wala hakuruka kama panzi, alikuwa mtu. Nikasikia benchi la nyuma likilia, bibi akatoka nje akiwa amejifunika mdomo kwa khanga.

"Mama!" Otmari akapiga kelele. Alisimama juu ya mapaja ya baba. "Mama! Mama yule!"

Baba alianza kulia kwa sauti, na mimi nikasema moyoni subiri, subiri uone sasa. Ukaja weupe kidogo, kisha sehemu ya pili. Mwanamke akashuka magotini, nguvu ikatoka chini, jembe likapanda, likasita, likashuka. Udongo ukarushwa kwa kiwiko. Alichimba na kuchimba bila kuhema, shimo likaingia ndani, matuta yakainuka pembeni, akaweka mkono gotini akatoka, akaweka jembe begani, akaondoka kwa miguu yake hadi ukingoni mwa shuka. Ulikuwa mwendo wa kweli kabisa. Sijafanya tena kitu kizuri kama kile maishani mwangu.

Otmari alikuwa amekaa. Alitazama kimya mpaka mwisho, kisha akamgeukia baba. "Mama kaenda wapi?"

"Si ndiye huyo alikuwa analima?"

"Huyo siyo." Hakuwa na ubishi, alikuwa anatueleza tu. "Huyo mtu."

"Ni mama, Otmari!" nikamfokea. "Ni mama huyo! Mtazame vizuri!"

Aliniogopa, midomo ikaanza kumcheza. Akateremka kwenye mapaja, akaenda mbele, akainua upindo wa shuka akachungulia nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Akarudi akasimama mbele ya Bruda na kumshika suruali. "Nataka yule wa kwanza," akasema. "Anayeumwa."

Bruda alinitazama mimi, siyo baba. Nikatikisa kichwa kukubali. Akaurudisha mkanda mwanzo, projekta ikakereza, na mwanamke wa nta akachimba kidogo, akaegemea jembe. Otmari alimpungia mkono. Ulipokuja ule weupe wa katikati nikamwambia Bruda azime, naye akazima.